Jamii ya mtandaoni: kijana yuko humo na nani?

Jamii ya mtandaoni ni watu waliokutanishwa na jambo fulani, wakawa wanazungumza na kufuatiliana kupitia simu au kompyuta. Inaweza kuwa grupu la WhatsApp la kidato cha nne, ukurasa wa mashabiki wa mpira, au maelfu ya wageni wanaofuata akaunti moja ya TikTok. Wazazi wengi hapa Kigoma huyaita yote hayo "mitandao" na kuyahukumu kwa pamoja. Nadhani hapo ndipo tunapokosea, maana faida na madhara yake hutegemea sana kijana yuko humo na nani, na nani anamchagulia cha kutazama.

Kuna faida ambayo watu wazima huidharau. Binti mwenye selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, huko Kasulu anaweza kuwa peke yake darasani mwenye ugonjwa huo. Siku ya maumivu akikaa pembeni, wenzake humwona mvivu. Akiingia kwenye grupu la wagonjwa wenzake, anakuta watu wa Mwanza na Dar es Salaam wanaokumbushana kunywa maji ya kutosha, kujikinga na baridi na kuwahi hospitali homa ikipanda. Daktari anabaki kuwa daktari, lakini upweke ule umepungua, na kwa mtoto wa miaka 15 hilo si jambo dogo. Kadhalika kambini Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi kutoka Kongo: kijana aliyezaliwa pale huenda ana shangazi Marekani na binamu Bukavu, na sura zao anazijua kwa simu tu. Yapo pia makundi ya masomo, ambako likizo nzima watoto hutumiana mitihani iliyopita na kusahihishana hesabu.

Katika makundi ya aina hiyo msemaji anajulikana, na akivuka mipaka admini humtoa. Ukurasa wa video hauendeshwi hivyo. Pale programu ndiyo inayopanga: hupima umetazama nini mpaka mwisho, umerudia nini, umelaiki nini, kisha hukuletea vingine vya namna ile ile. Msichana akitazama video mbili za kupunguza mwili, zitafuata nyingine nyingi asizoziomba. Nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, inayomiliki Instagram, alizozitoa Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, mwaka 2021, zilionyesha kuwa asilimia 32 ya wasichana wa rika la balehe walisema kwamba walipojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwazidishia. Kampuni ilikuwa imewauliza yenyewe.

Umri wa miaka 13 unaotajwa na mitandao mingi kuwa wa chini kabisa wa kujiunga nao usitutulize. Umetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Hakuna aliyepima hapo kama mtoto amekomaa kiasi cha kustahimili matusi ya wageni.

Usingizi pia unaliwa, hasa kwa bando la usiku ambalo bei yake ni nafuu.

Linaloniumiza zaidi ni yanayotokea inboksi. Mgeni anajifanya rika, anasifia, anaomba picha, kisha picha ya utupu ikishamfikia anageuka: tuma pesa, la sivyo naisambaza kwa wenzako na walimu wako. Wavulana nao hunaswa. Mtoto hukaa kimya, na mara nyingi anachokiogopa ni kipigo cha nyumbani na kunyang'anywa simu kuliko yule tapeli. Ndiyo maana mzazi anayetisha kuvunja simu anamsaidia tapeli bila kujua. Mtoto anapaswa kuambiwa mapema, kabla lolote halijatokea, kwamba akija kusema hatapigwa.

Akishasema, msifute mazungumzo. Pigeni picha ya skrini inayoonyesha namba, jina la akaunti na tarehe, kataeni kumtumia pesa, kisha mumblok. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza unyanyasaji wa mtandaoni na picha za ngono za watoto, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto la kupokea malalamiko hayo. Mtoto asiyeweza kumwambia mtu wa nyumbani anaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa watoto, bila malipo.