Maana ya kiburi kumzuia mtu asimsikie Mungu

Wakristo wakisema kiburi humzuia mtu asimsikie Mungu, hawasemi kwamba Mungu amenyamaza. Wanasema mtu huyo ameshaamua ni nani anayestahili kumwambia kitu, na neno likija kwa njia nyingine halimwingii. Kujiamini si kiburi, wala kupendeza Jumapili si kiburi. Mwenye kiburi ni yule asiyefundishika.

Mfano ulio wazi ni Naamani, katika 2 Wafalme 5. Alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, tena mwenye ukoma. Habari za nabii alizipata kutoka kwa kijakazi, msichana mateka wa Israeli aliyemtumikia mkewe. Alipofika kwa Elisha, nabii hata hakutoka nje. Alimtuma mtu amwambie akaoge Yordani mara saba. Naamani akawaka. Alitarajia nabii atoke, asimame mbele yake, aombe na kupitisha mkono penye ugonjwa. Tena kwao Dameski kulikuwa na Abana na Farpari, mito aliyoiona bora kuliko maji yote ya Israeli! Waliomtuliza ni watumishi wake. Sisi hulelewa na “asiyesikia la mkuu huvunjika guu”, lakini huyu mkuu nusura arudi na ukoma wake kwa kutosikia la wadogo.

Hapa Mombasa jambo hili huonekana hata kanisani. Chukua kikao cha kamati, tuseme Likoni au Mishomoroni, ibada imekwisha, chai na mahamri viko mezani. Kijana wa kwaya anainua mkono na kuuliza mbona hesabu za harambee ya mabati hazijasomwa. Mzee mmoja anamkata: “Kwani wewe umeokoka lini?” Watu wanacheka, ajenda inasonga. Swali lilikuwa la haki, na pengine ndilo Mungu alilotaka lisikike siku ile, ila aliyeliuliza hakuwa na mvi.

Kwa maoni yangu kiburi cha aliyeokoka zamani ndicho kigumu zaidi kukitambua, maana kinajua mistari na kinajua kuomba. Yule Mfarisayo wa Luka 18 alisimama hekaluni akaomba, lakini ukimsoma vizuri hakuomba chochote. Alimpa Mungu ripoti ya mfungo na zaka zake.

Kunyenyekea nako hakumaanishi kumkubali kila anayesema “Bwana ameniambia”, na mji huu haukosi mabango ya manabii. 1 Yohana 4:1 yaagiza roho zijaribiwe. Mwenye kiburi hupima msemaji: umri, kabila, elimu, gari alilokuja nalo. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walipima neno lenyewe. Walimpokea Paulo kwa moyo mweupe, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyowaambia ndivyo yalivyo.