Sledgehammer: saa 16 chini ya kioo

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza uhuishaji, video ya kwanza ninayowaonyesha ni "Sledgehammer" ya mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel. Wimbo ulitoka mwaka 1986, kwenye albamu yake So, na Julai mwaka huohuo ukashika namba moja Marekani baada ya kuwashusha Genesis, bendi aliyokuwa mwimbaji wake hadi 1975. Mwaka 1987 video yake ikazoa tuzo tisa za MTV, na mpaka leo hakuna video nyingine iliyozoa tisa kwa mwaka mmoja.

Wimbo wenyewe ni soul, muziki wa Wamarekani weusi, ya mji wa Memphis iliyopikwa Uingereza. Unafunguliwa na sauti ya shakuhachi, filimbi ya Kijapani iliyorekodiwa na kupigwa kwa kinanda cha elektroniki, kisha tarumbeta zinalipuka. Mmoja wa waliopuliza ni Wayne Jackson, aliyesikika kwenye rekodi za mwimbaji wa soul Otis Redding, na Gabriel hajawahi kuficha mapenzi yake kwa Redding. Besi ni ya Tony Levin, ngoma za Manu Katché. Ni kikosi kizito, na mdundo wake una nafasi za wazi zinazompa mtengeneza picha mahali pa kupumulia.

Sasa njoo kwenye kazi. Mwongozaji alikuwa Mmarekani Stephen R. Johnson, na uhuishaji ukafanywa na studio ya Aardman ya Bristol, Uingereza, pamoja na ndugu mapacha Quay. Hawakumtengenezea Gabriel mwanasesere wa udongo akaimba kwa niaba yake muda wote. Sehemu kubwa ya video, yeye mwenyewe ndiye kikaragosi. Alilala chini ya kioo saa 16, kamera ikimtazama kutoka juu, watu wakipanga vitu juu ya kioo, wakipiga picha moja, wakisogeza kidogo, wakipiga nyingine. Garimoshi la kuchezea linamzunguka kichwa. Matunda yanajipanga yanakuwa uso. Mawingu yanapita usoni pake, na kila wingu likisogea ujue rangi imefutwa na kupakwa upya.

Kinachonivutia zaidi ni midomo. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, na kila moja huitwa fremu. Ukitaka mtu aimbe huku unampiga picha moja moja, lazima kwanza uusikilize wimbo kipande kwa kipande na kuandika kila silabi inaangukia fremu ya ngapi. Kisha mwimbaji anashikilia mdomo katika umbo hilo, anasubiri, anabadilisha. Irabu zina uvumilivu: "a" ikichelewa fremu moja, wengi hawatagundua. Lakini m, b na p hazisamehe. Midomo isipofungana kabisa hapo, mtazamaji anahisi kuna kitu kimevunjika hata kama hawezi kukitaja. Tazama jina la wimbo linapoimbwa: mdomo unafunguka kwa "ha" halafu unakutana kwa "m". Hapo ndipo ninaposimamisha video darasani na kurudi nyuma fremu moja moja.

Mtu aliye hai hawezi kutulia kama mwanasesere. Nywele zinasogea, shati linajikunja, kope zinachoka, na picha zikiunganishwa ngozi nzima inatetemeka. Leo programu za kuhariri zinaweza kuulainisha mtetemo huo kwa kubonyeza mara moja, na wateja wengi huniomba niuondoe. Mimi hukataa nikiweza. Mtetemo ule ndio unaomfanya Gabriel aonekane kama mtu aliyepitiwa na umeme wa wimbo wake mwenyewe. Ukiufuta, kinachobaki ni picha safi iliyopoa.

Kisha kuna kuku wawili wanaocheza, wamenyonyolewa, hawana vichwa. Waliwachezesha kina Nick Park, wakati huo kijana aliyejiunga na Aardman muda si mrefu, baadaye mshindi wa Oscar kwa katuni zake za udongo. Walikuwa kuku halisi wa buchani, chini ya taa za moto, na wakaanza kunuka kabla kazi haijaisha. Lakini angalia miguu yao: uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kabla ya kila hatua, kama mchezaji anayejua anachokifanya. Hilo halitokani na vifaa. Linatokana na mtu aliyekaa akatazama jinsi mwili unavyocheza.

Ukitaka kujaribu, simu inatosha. Ifunge kwenye stendi, zuia mwanga na fokasi visijibadilishe vyenyewe, funga mapazia ili jua lisikuharibie vivuli. Piga picha 12 kwa kila sekunde, kila moja ikae fremu mbili. Sekunde nane zitakula picha 96. Chagua kipande cha wimbo chenye m nyingi, na anza na uso wa mtu mwenye subira.