Je, wajua kwa nini moyo uliotulia bado unahitaji dawa?

Kuna ugonjwa wa moyo ambao ukifika hospitali unakuta umeshajificha. Mapigo yanaanza kwenda ovyo alfajiri ukiwa Mpwapwa au Kondoa, unapanda gari, unafika Dodoma mjini saa nane mchana, karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inatoka safi na unaambiwa urudi nyumbani. Ugonjwa huo ni fibrilesheni ya atria ya vipindi. Kila kipindi huisha ndani ya siku 7, mara nyingi hata kabla ya saa 48. Wagonjwa huuliza, na wana haki ya kuuliza: moyo ukishatulia wenyewe, dawa ya nini tena?

Atria ni vyumba viwili vya juu vya moyo. Kwa kawaida umeme wa moyo huanzia sehemu moja tu, juu ya atria ya kulia, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa amepumzika. Mwaka 1998 timu ya Michel Haïssaguerre wa Bordeaux, Ufaransa, ilichunguza wagonjwa 45 wa vipindi hivi na kukuta asilimia 94 ya vyanzo vya vurugu viko ndani ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Msuli wa atria huingia kidogo ndani ya mishipa hiyo, na huko ndiko unakofyatua umeme nje ya zamu. Atria zikishavurugwa hutetemeka mara 350 hadi 600 kwa dakika na hazisukumi kitu. Njia ya umeme iendayo vyumba vya chini huzuia sehemu kubwa ya fujo hiyo, ndiyo maana mkononi unapata mapigo kama 100 hadi 160, yasiyofuata mpangilio wowote.

Umeme ukitulia, mdundo hurudi. Lakini atria ya kushoto ina kijifuko pembeni, na damu iliyotuama humo inaweza kuwa imeshaganda. Kwa wagonjwa ambao valvu zao, yaani milango ya damu ndani ya moyo, hazina ugonjwa, takriban mabonge 9 kati ya 10 ya atria hiyo hupatikana kwenye kijifuko hicho. Baya zaidi, msuli wa atria hubaki umelegea kwa siku au wiki baada ya mdundo kurudi, kisha unapata nguvu na kulisukuma bonge kuelekea kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo, anayerudishiwa mdundo kwa umeme baada ya kipindi kirefu hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda wiki 3 kabla na angalau wiki 4 baadaye. Halafu kuna vipindi ambavyo mwenye moyo havihisi kabisa.

Kwa hiyo dawa hiyo haipangwi kwa kuhesabu vipindi. Daktari huhesabu alama: presha 1, kisukari 1, moyo kushindwa kufanya kazi 1, ugonjwa wa mishipa ya damu 1, umri wa miaka 65 hadi 74 alama 1, miaka 75 na zaidi 2, kiharusi cha zamani 2. Mwongozo wa Ulaya wa 2024 unapendekeza dawa kuanzia alama 2; alama 1 ni ya kujadiliana na daktari. Aspirini haitoshi kwa kazi hii, ingawa bado watu wengi huimeza wakiamini wamejikinga.

Kwanza lakini kipindi kikamatwe. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima. Sekunde 15 mara nne zinadanganya mapigo yakiwa hayana mpangilio. Yakienda ovyo, nenda kituo cha karibu chenye ECG wakati huohuo, usingoje kufika mjini. Karatasi ya kawaida huchukua sekunde 10 tu, na kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde hiyo ni sentimita 25. Omba waendelee hadi sekunde 30, yaani sentimita 75, kisha ipige picha kwa simu siku hiyohiyo: karatasi nyingi za mashine hizi huchapwa kwa joto, na jua la Dodoma huzifuta. Ukisikia maumivu ya kifua, ukizimia, au upande mmoja wa mwili ukilegea, hayo ni ya dharura, mapigo yasikucheleweshe.

Dawa ya kuzuia damu kuganda iliyozoeleka kwa miaka mingi ni warfarini. Kipimo chake ni INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, na inatakiwa ikae kati ya 2 na 3. Ikishuka, damu inaganda, ikipanda, unavuja. Vitamini K ya mboga za majani huishusha, na hapa ndipo mlenda unapoingia. Hakuna sababu ya kumnyima Mgogo mlenda wake. Shida ni kubadilika: mvua za Desemba hadi Aprili zikileta majani mabichi kwa wingi, INR inaweza kushuka kwa dozi ileile, kwa hiyo pima tena chakula kinapobadilika. Flagyl, Septrin na flukonazoli huipandisha; rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Diklofenaki ya kununua dukani inaongeza hatari ya kutokwa damu tumboni.

Dawa mpya hazihitaji INR. Rivaroxabani ya miligramu 20 humezwa mara moja kwa siku pamoja na chakula. Tumbo likiwa tupu, karibu theluthi moja haifyonzwi. Anayefunga Ramadhani aimeze na futari. Apixabani ni miligramu 5 mara mbili kwa siku. Nguvu zake hupungua haraka, hivyo kuruka dozi ni kubaki bila kinga siku hiyohiyo. Figo zipimwe kabla, maana zikiwa dhaifu dozi hubadilika.

Soko linaendeshwa na hati miliki. Apixabani, kwa jina la Eliquis, iliiingizia kampuni ya Bristol Myers Squibb zaidi ya dola bilioni 13 mwaka 2024. Marekani ilijadili bei yake kwa wazee wa Medicare, bima ya afya ya serikali: kutoka dola 521 kwa mwezi hadi 231 kuanzia Januari 2026, na nakala za bei nafuu hazitarajiwi huko kabla ya 2028. Nakala za India ndizo zenye maana kwetu, na Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Upande wa vifaa, mbio ni za kuchoma mishipa ile ya mapafu kwa mipigo mifupi ya umeme badala ya joto. Kampuni za Medtronic na Boston Scientific zilipata kibali Marekani kati ya Desemba 2023 na Januari 2024. Katheta, mrija mwembamba unaopitishwa hadi moyoni, hutumika mara moja na kutupwa, basi sioni bei ikishuka karibuni kwa mgonjwa wa Bahi au Kongwa. Asundexiani, dawa ya majaribio iliyotarajiwa kuzuia kuganda bila kuvujisha damu sana, ilishindwa na apixabani na utafiti wake kwa ugonjwa huu ukasimamishwa mwaka 2023.

Huku kwetu kuna jambo ambalo matangazo ya dawa mpya hayalisemi. Wagonjwa wengi wana valvu ya mitrali, mlango wa kutokea atria ya kushoto, iliyobana kwa sababu ya homa ya rumatiki ya utotoni. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa ugonjwa wa moyo wa rumatiki, ulionyesha vifo vichache zaidi kwa waliotumia warfarini na dawa za jamii yake kuliko waliotumia rivaroxabani. Kabla hujaacha warfarini kwa sababu umepata rivaroxabani ya bei nzuri, fanya ECHO, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na umwombe daktari akueleze valvu hiyo ikoje.