Propela nyepesi haikuongezei hosipawa

Hapa Dodoma ukiwa na Altezza au gari lolote la kusukuma nyuma, lazima utaambiwa funga propela (ile shafti ndefu chini ya gari inayotoka giaboksi kwenda nyuma) ya alumini au kaboni, gari litapata nguvu. Hii story ni ya miaka na sio kweli, nguvu inatengenezwa na injini, propela inaipeleka tu kwenye difu, yaani gia za nyuma zinazozungusha tairi.

Kinachopungua ni uzito unaozungushwa, ila propela ni nyembamba na uzito ukiwa karibu na katikati hauli nguvu nyingi kuuzungusha, ndo maana kilo moja ukiitoa kwenye rimu utaisikia zaidi kuliko kwenye propela. Tena faida ipo wakati unaongeza mwendo tu, ukishatulia kwenye spidi moja barabara ya Singida hakuna tofauti.

Cha kuangalia ni mzunguko. Gari likiwa 120 kwa saa, tairi yenye mzingo wa mita 2 inazunguka mara 1,000 kwa dakika, difu ikiwa ya 4 kwa 1 (propela mizunguko minne, tairi mmoja) propela inapiga 4,000, sasa kitu kirefu chembamba kikizidishiwa spidi kinapinda kama kamba ya kuruka na hapo ni hatari kweli. Kaboni inasaidia kwa sababu ni ngumu na nyepesi, unaweza kuweka kipande kimoja bila senta beringi, ile inayoshikilia propela ya vipande viwili katikati. Ila kwa kokoto za vijijini huko, kaboni ikichubuka na jiwe mi nisingeiamini, bora alumini nene iliyobalansiwa, na urefu upimwe gari likiwa limekaa chini kwa tairi zake.