Yorkshire terrier: kabla hujamchagua yule mdogo kuliko wote

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia kliniki saa tatu asubuhi amekumbatia kikapu. Ndani yake, juu ya kipande cha kitenge, alikuwa amelala mtoto wa Yorkshire terrier wa wiki 8, shingo imelegea, macho nusu wazi. "Daktari, wamempa sumu mbwa wangu," akasema, na machozi yakamtoka. Nikampima: gramu 610. Nikamfunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe na wa baridi. "Mama, amekula lini mara ya mwisho?" Jana saa mbili usiku, akanijibu. Aliyemuuzia alimwambia hawa wadogo hawali sana.

Haikuwa sumu. Ilikuwa njaa ya saa 13, na sukari ya mwili imekwisha. Nilimpaka asali kwenye ufizi, tukamfunga taulo pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu, tukatafuta mshipa mwembamba kama uzi wa kushonea ili tumwekee dripu ya sukari. Baada ya dakika 20 hivi aliinua kichwa akaanza kulamba kidole changu.

Ninaandika haya kwa sababu yake, na kwa sababu ya wengine waliofika wamechelewa. Watu wengi wanaoniuliza kuhusu Yorkie, kama Yorkshire terrier anavyoitwa kwa kifupi, wanauliza bei, nywele na rangi. Swali la kwanza lingekuwa: mwili mdogo hivi unaishi vipi?

Mtoto wa mbwa huhifadhi akiba ya sukari kwenye ini na kwenye misuli. Yorkie wa wiki 8 ana ini dogo mno, na misuli bado haijajaa. Ubongo wake nao unakula sukari mchana na usiku, na joto linampotea upesi kwa sababu mwili ni mdogo na manyoya ya chini ya kumkinga hana. Akikosa mlo mmoja, au akicheza na watoto mpaka akasahau kula, au akisafirishwa kwenye basi siku nzima, akiba inakwisha. Huanza kwa kulegea: anayumba, anatetemeka, anakutazama kama hakujui. Baadaye degedege, kisha anazimia. Kwa hiyo hadi afikishe walau miezi 3 au 4 mlishe mara 4 au 5 kwa siku, mlo wa mwisho ukiwa karibu na muda wako wa kulala. Weka asali jikoni. Akilegea, mpake kwenye ufizi, usimmiminie kooni maana itaingia kwenye mapafu, mfunike apate joto, halafu njoo kliniki hata kama ameamka.

Ndiyo maana mimi nashauri asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 12. Najua wauzaji wengi hutoa wiki 8, wengine hata 6. Wiki hizo 4 za ziada ndizo anazojifunza kula vizuri peke yake, na uzito unapanda.

Sasa nije kwa hao wanaotangazwa kwenye WhatsApp kama Yorkie "wa kikombe cha chai". Hakuna mbegu ya namna hiyo. Yorkshire terrier ni mmoja tu, na mbwa aliyekomaa kwa kawaida hufika hadi kilo 3.2. Anayeuzwa kama wa kikombe mara nyingi ni yule aliyedumaa kati ya ndugu zake, au mtoto wa wazazi waliochaguliwa kwa udogo wao tu. Tena katika mbegu hii kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao unaojulikana sana: mshipa unaochepusha damu ya kutoka kwenye utumbo isipite kwenye ini. Sumu ambazo ini lingezichuja zinafika kwenye ubongo. Mtoto huyo hakui, hula kidogo, na baada ya mlo wenye nyama anaweza kuzubaa au kuzungukazunguka ovyo. Mnunuzi anamwona mdogo na mpole, analipa bei ya juu zaidi. Mimi nikimwona hivyo naagiza kipimo cha damu cha ini kabla ya jambo lingine lolote. Mguse pia utosi: ukikuta shimo laini kubwa, muulize daktari kabla hujatoa pesa.

Wala usidhani udogo ulikuwa wa mapambo tangu mwanzo. Mbwa hawa walitokea kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 19, pale wafumaji wa Uskoti walipohamia Yorkshire na Lancashire kufuata kazi za viwanda vya nguo, wakaja na terrier wao wadogo, yaani mbwa wa kuwinda wanyama wadogo. Kazi yao ilikuwa panya. Huddersfield Ben, aliyezaliwa 1865 na kufa 1871, ndiye anayehesabiwa baba wa mbegu hii, naye alishinda mashindano ya kuua panya sawasawa na maonyesho ya urembo. Yorkie wa zamani walikuwa wakubwa kuliko hawa wa leo. Mwili umepunguzwa, moyo haukupunguzwa. Katika Vita Kuu ya Pili, Yorkie aitwaye Smoky, mwenye uzito usiofika kilo 2, alivuta waya wa simu ndani ya bomba lililopita chini ya uwanja wa ndege huko Luzon, Ufilipino, umbali wa mita 21 hivi.

Kwa hiyo utakayemleta nyumbani ni terrier. Atabweka mgeni akigusa geti, atafukuza panya na mijusi, na atamvamia mbwa wa jirani mwenye kilo 35 bila kujiuliza. Hapo ndipo wengi wanaumia. Mfundishe kuja anapoitwa tangu wiki ya kwanza, na usimwachie uwanjani na mbwa wakubwa wa ulinzi hata kama wamezoeana.

Shingo yake ilinde. Koo la pumzi limeshikwa wazi na pete za gegedu, na kwa Yorkie pete hizo hulegea kirahisi. Anayevutwa kwa kola siku baada ya siku anaweza kuanza kukohoa kikohozi kikavu chenye mlio wa bata bukini, hasa akifurahi au joto likizidi. Nunua mkanda wa kifuani, kola ibaki ya kuning'inizia jina tu. Magoti nayo: ukimwona anaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, kisha anatembea kama kawaida, pia ya goti imechepuka na kurudi. Wenye nyumba huniambia ni mchezo wake. Mlete tumpime. Na kochi ni refu kwake. Nimefunga mifupa ya mikono ya mbele ya mbwa walioruka kutoka mapajani mwa mtoto wa miaka 5.

Meno ya utoto yanatakiwa yawe yameng'oka yote kufikia miezi 6 au 7. Kwa Yorkie chonge za utoto mara nyingi hubaki kando ya zile mpya, chakula kinanasa katikati, ufizi unaoza. Zinang'olewa. Mswaki ni wa kila siku, kwa dawa ya meno ya mbwa, si ya kwako.

Kuhusu rangi, mtoto wa Yorkie huzaliwa mweusi mwenye madoa ya kahawia. Ule mng'ao wa kibuluu kama chuma huja taratibu, wakati mwingine hadi miaka 2 au 3. Ukiona mweusi hujaibiwa. Nywele zake hazikomi kukua, zinasongamana zisipochanwa. Kwa joto la Dar es Salaam mimi husema zikatwe fupi, na vidole na masikio vikaguliwe kupe kila jioni, maana homa ya kupe humwishia damu upesi sana mbwa wa kilo 2.

Yule wa kwenye kikapu alirudi juzi kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Gramu 1,080. Mama yake amebandika ratiba ya milo mitano kwenye mlango wa friji, na wa mwisho ni saa tano usiku.