Chunusi ya ndani: iache, usiitumbue

Chunusi ya ndani haina mdomo. Ni kinundu kigumu kilichojificha chini ya ngozi, kinapwita, na ukilalia shavu hilo usingizi unakatika. Wengi wanaofika kliniki yetu ya ngozi hapa Tanga wanakuja wakiwa wameshakibonyeza, wamekidunga sindano au wamekipaka dawa ya meno. Ndiyo maana naandika.

Tundu la kinyweleo huzibwa na mafuta ya ngozi pamoja na seli zilizokufa. Bakteria huzaliana humo, ukuta wa kinyweleo unapasuka kwa ndani, na mwili unajibu kwa uvimbe. Usaha hauna pa kutokea, kwa hiyo ukikamua unausukuma chini zaidi. Ngozi nyeusi hulipa zaidi: uvimbe unaisha lakini doa linabaki miezi, na wengine huota kovu nene linaloendelea kukua, hasa kwenye taya, kifua na mabega.

Nawa mikono. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, kikamue maji, kiweke juu ya chunusi dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Kikipoa, chovya tena. Maumivu yakizidi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika chache inatuliza, au parasetamoli. Ibuprofeni inafaa pia baada ya kula, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo wala mjamzito.

Duka la dawa ulizia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Anza usiku mmoja na kuruka mmoja, safu nyembamba, eneo lote linalotoka chunusi. Inachujisha rangi ya nguo, kwa hiyo subiri ikauke kabla ya kuvaa ushungi. Matokeo yanahitaji wiki 6 hadi 12, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema.

Mafuta ya nazi tumekulia nayo pwani, na kwa nywele na miguu sina neno. Usoni penye chunusi yanaziba vinyweleo. Nawaomba pia makungwi wanaowaandaa maharusi: uso wenye vinundu usisuguliwe singo, ule mchanganyiko wa kusugulia ngozi ya bi harusi, hata harusi ikiwa wiki ijayo. Ndimu inaunguza. Mkorogo, yaani krimu za kujichubua zilizochanganywa, ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu mwingi huwa na steroidi, ambayo hutuliza uso kwa muda kisha yenyewe huzalisha chunusi. Aliyeutumia muda mrefu aonane nasi kabla ya kuuacha, maana uso unaweza kuchachamaa.

Ukipata homa, jicho likavimba, au uvimbe ukasambaa haraka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi yetu. Gusa kwa mgongo wa kiganja usikie kama pana joto. Vinundu vikiwa vingi au vikiacha makovu, usiendelee kujitibu. Kuna sindano ya kutuliza kinundu, kuna vidonge vya antibayotiki, na kuna isotretinoini, dawa ya chunusi kali, ambayo ni marufuku kwa mjamzito kwa sababu inalemaza mtoto tumboni. Mweleze daktari kila ulichokipaka, na kopo la mkorogo lilete, hakuna atakayekugombeza.