Bandari za Gujarat hazikuuawa na mizinga peke yake

Tangu tulipoweka shanga za akiki za Khambhat, bandari ya Gujarat, magharibi mwa India, kwenye maonyesho, malalamiko yamezidi. Wageni wanatuambia tumepotosha historia: Mreno Vasco da Gama alifika Calicut, India, mwaka 1498, akapiga mizinga, biashara ya Wahindi ikaisha. Haikuisha. Tunaomba maelezo ya kabatini yasomwe hadi mwisho kabla ya kulalamika.

Wareno walitawala bahari kwa karatasi pia. Hati yao iliitwa kartazi, na jina hilo lina asili moja na neno letu karatasi. Nahodha aliilipia ada. Ndani yake viliandikwa jina lake, chombo, ukubwa, silaha zilizomo na bandari anayokwenda. Pilipili haikuruhusiwa bila idhini. Chombo kilichokamatwa bila hati, au kikiwa na shehena isiyoruhusiwa, kilitwaliwa pamoja na mali, na mabaharia wangeweza kuuawa au kufanywa watumwa. Ada yenyewe ilikuwa ndogo. Kilichouma ni ushuru, kwa sababu mwenye hati alilazimika kupitia forodha ya Wareno, kama ile ya Diu, kisiwa cha pwani ya Gujarat, walikojenga ngome mwaka 1535.

Hata hivyo vitambaa vya Gujarat viliendelea kufika pwani yetu, na pembe za ndovu zikaenda kuchongwa bangili. Khambhat ilizibwa na tope la ghuba yake. Surat, bandari nyingine ya Gujarat, ikashika nafasi yake. Shivaji, mtawala wa Wamaratha wa India, aliipora Surat mwaka 1664 na 1670 (naye hakuwa Mzungu), lakini ilisimama tena. Iliyoiponza polepole ni Bombay (Mumbai ya leo), kisiwa ambacho Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ilikodi mwaka 1668 kwa pauni 10 kwa mwaka, ikahamishia makao yake huko mwaka 1687. Dola ya Mughal, iliyotawala sehemu kubwa ya India, ilipodhoofika, njia za bara hazikuwa salama tena, na matajiri wakafuata usalama. Mwaka 1759 Waingereza walitwaa ngome ya Surat.

Mwenye shanga za akiki nyumbani azilete mwenyewe, aje na kitambulisho; tutaziandikisha, tutampa stakabadhi na kumrudishia. Kuchimba magofu bila kibali ni kosa kisheria, hata kama shamba ni lako. Na tafadhali msizioshe: mchanga uliobaki ndani ya tundu ndio tunaoutazama kwanza.